Nyundo ya Ijumaa

Siku yangu ya kwanza kama mwalimu wa malezi katika shule moja ya bweni huko Buswelu, mkuu wa shule alinikabidhi ufunguo wa kabati na nyundo. "Simu ni marufuku hapa," akasema. "Ukikamata, tunaivunja Ijumaa kwenye paredi, na mzazi ndiye anayepiga nyundo. Watoto wakiona, watashika adabu." Nilikuwa nimehamia kutoka Magu, ambako malezi yalikuwa kukaa na watoto na kuwasikiliza. Nyundo ile sikuipenda hata kidogo, lakini bosi ni bosi, nikaipokea.

Upekuzi, yaani kukagua mabweni bila taarifa, tuliufanya wanafunzi wakiwa darasani. Nyie vijana mnajiona wajanja, lakini wenzenu walificha simu kwenye unga wa sabuni, hata ndani ya mkate uliotobolewa. Ndani ya mkate ndimo nilimoikuta simu ya Nyamizi, msichana mpole wa kidato cha tatu, ambaye siku hizo alikuwa hagusi chakula.

Ijumaa baba yake akaja kutoka Magu, mkulima wa pamba, amevaa koti lake la kanisani. Simu ikawekwa juu ya tofali mbele ya shule nzima. Kwa kawaida hapo mtoto hulia na kuomba simu yake isivunjwe. Nyamizi hakulia. Alikuwa akinong'ona, "Piga, baba. Piga haraka."

Mtoto gani anaharakisha simu yake ivunjwe? Baba akainua nyundo. Nikaikwapua simu, nyundo ikashuka na kupasua tofali tupu.

"Mwalimu!" mkuu akafoka. "Unanivunjia heshima mbele ya mzazi?"

"Nisamehe, mkuu. Niache kidogo na huyu mtoto, halafu nifukuze ukitaka."

Ofisini, simu ikaanza kutetema mkononi mwangu. Nyamizi akaziba masikio. Maneno yakamtoka vipande vipande. Alikuwa akichati na mtu aliyejifanya msichana wa shule nyingine, akamsimulia siri za nyumbani kwao. Kumbe ni mwanamume mzima. Sasa alitaka waonane mtaa wa Pasiansi kesho yake, na asipokwenda, angezitangaza siri zote kijiji kizima, na baba angejua nani aliyezitoa.

"Ungekwenda?" nikamuuliza.

"Nilishapanga kwenda, mwalimu. Simu ilipokamatwa nikaona bora ivunjwe, labda na yule mtu ataisha."

"Anajua unakosoma?"

"Anajua."

Baba yake alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alipoingia nilisimama mbele ya mtoto, maana hasira za wazazi nazijua. "Baba Nyamizi, ukimpiga leo, kesho hatakwambia kitu."

Akanitazama sana, kisha akaketi. "Mwanangu, siri za nyumba yangu ndizo zikupoteze wewe? Hebu nisomee."

Binti akasoma, baba akasikiliza hadi mwisho. Meseji zile ndizo tulizozipeleka polisi, dawati la jinsia na watoto. Kesho yake, mtu aliyekuwa akimsubiri Nyamizi huko Pasiansi alikutana na askari. Simu ingevunjwa, tusingekuwa na namba wala ushahidi.

Jumatatu mkuu aliniita. "Nyundo irudishe stoo," akasema bila kunitazama. Tangu hapo simu iliyokamatwa ilifungiwa kabatini, mzazi akaitwa, akaketi na mwanawe, wakaifungua pamoja. Marufuku ilibaki, wala sikuipinga. Wazazi niliwaomba simu zote za nyumbani zichajiwe sebuleni usiku, pamoja na za wakubwa. Wakubwa ndio waliolalamika zaidi.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu huja likizo, na simu yake hulala sebuleni kando ya yangu. Juzi tulikuwa tunachambua dagaa, akaisogeza simu kwangu.

"Bibi, kuna mtu ananiandikia. Naogopa."

Nikafuta mikono, nikavaa miwani. Sikumuuliza kosa ni la nani. Nilimwambia asogee karibu, tusome wote.