Seva Niliyoambiwa Nimeiunguza Ipo Hai Ofisi ya Jirani

Admin, jina langu lifiche kabisa, Tunduma yetu hii ina midomo. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, nina mtoto mmoja, kwetu ni Isongole. Nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa forodhani mizigo ya malori yanayovuka kwenda Zambia. Naandika kwa hasira.

Miezi mitatu iliyopita seva yetu, ile kompyuta inayotunza nyaraka zote za wateja, ilizima. Fundi wetu wa kompyuta akasema mbele ya watu wote kwamba nimeiunguza mimi kwa kuchomeka hita ya maji ya chai kwenye soketi yake. Ni kweli nilichomeka. Kulikuwa na baridi, na chai walikunywa wote! Lakini lawama zikawa zangu peke yangu. Nilimpigia bosi magoti. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Hita, na mimi nacheka nao kama mjinga. Fundi akaibeba seva, akasema, "Hii imekufa, naenda kuitupa."

Huyo fundi ndiye mchumba wa mdogo wangu. Baadaye aliacha kazi akafungua ofisi yake ya kutoa mizigo, chumba cha pili kutoka kwetu, na bosi akamruhusu aendelee kutumia mtandao wetu.

Juzi nikapewa kompyuta mpya. Ofisini kwetu kila mtu huunganisha programu kwa kuandika namba za seva zilizobandikwa kwenye kikaratasi pembeni ya skrini. Yangu haikuwa na kikaratasi, nikabonyeza palipoandikwa "Tafuta seva". Zikatokea mbili. Moja ni ile mpya. Nyingine ina jina lile lile la seva niliyoambiwa nimeiua! Nikaweka nywila yangu ya zamani, ikafunguka. Nyaraka za wateja wetu zote zimo, pamoja na mizigo aliyoitoa yule fundi wiki hii. Kumbe seva iko kwake, kaiunganisha kwenye mtandao wetu huo huo, ndiyo maana wateja wanahamia kwake mmoja mmoja.

Nikamfuata. Hata hakushtuka. "Dada, ukisema mimi nalala ndani. Ndoa imeshatangazwa kanisani mara mbili, na mdogo wako ana mimba yangu. Halafu hiyo chai si ulichemsha wewe?" Nusura nimzabe kofi.

Kwa kuwa wateja wanapungua, Ijumaa bosi anataka nisaini barua ya kukiri kwamba niliharibu seva, kisha niondoke. Nikisaini, hakuna ofisi hapa mpakani itakayonichukua. Nikisema ukweli, mdogo wangu anabaki na mimba na aibu, mume yuko rumande.

Leo asubuhi mdogo wangu kanipigia analia. "Dada, mwenzangu anasema ulienda kumtukana ofisini kwake. Mwombe radhi basi, hata kwa simu, tufunge ndoa kwa amani."

Yaani mimi ndiye niombe radhi! Jamani, ingekuwa ninyi, mngemjibu nini huyu mtoto?