Mandazi Ndani ya Tangazo la Korti

Mwaka 2012 hakuna kitu kingeweza kunishangaza. Niliacha shule darasa la nne, nikaziba pancha Lodwar kwa jua lile, na kabla sijafika miaka hamsini nilikuwa na kampuni ya malori matano, yakibeba samaki wakavu kutoka Kerio na Kataboi, kando ya ziwa, hadi Kakuma na Kitale. Nani angeniambia nini?

Kampuni moja kubwa ya Kitale ikataka tuungane. Sisi wenye hisa nyingi tungepewa hisa za kampuni mpya; wenye hisa kidogo wangelipwa pesa zao waende. Wakili akasema ni lazima wenye hisa wote waitwe wapige kura, kisha jaji aidhinishe. Nikaita mkutano Lodwar, hoteli yenye feni. Hakuna aliyepinga. Niliwanunulia soda hata wale nisiowapenda.

Kortini Kitale nilivaa suti. Jaji akatoa barua ya ukurasa mmoja, akaisoma. Ilitoka kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza chai na mandazi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Zamani, nikiwa na lori moja tu na injini imekufa, yeye na wenzake wachache kambini ndio walionichangia, nami baadaye nikawapa hisa, yeye arobaini. Tangazo la kesi yetu aliliona kwenye gazeti la kufungia mandazi. Na barua yake, nilikuja kujua, ilifika Kitale ndani ya lori langu mwenyewe, bila nauli.

"Wenye hisa wa Kakuma walikaa wapi siku ya mkutano?" jaji akaniuliza.

"Hawakuja, mheshimiwa."

"Wanaweza kutoka kambini bila kibali?"

Jibu nililijua. Kizuizi cha polisi cha njia ya kambini nimekipita miaka mingi nikiwapungia askari mkono. Jaji akasema haidhinishi kitu. Mkutano urudiwe, Kakuma.

Nilienda nimekasirika. Nikamkuta akikanda unga, nikamsalimu kwa lugha ya kwetu.

"Ejok, mama."

"Ejok, mzee. Leo umekumbuka njia."

"Huu mpango ni mzuri. Utalipwa vizuri."

"Mpango gani, wa kando?"

Wateja wake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Nikamwambia hisa arobaini si kitu, achukue pesa tu. Akafuta mikono, akatoa cheti chake cha hisa kwenye mfuko wa plastiki.

"Kadi ya chakula inaniita mkimbizi," akasema. "Hii inaniita mwenyewe. Nikichukua pesa yako, mimi nitakuwa mwenyewe wa nini?"

Nikakipokea, nikakigeuza mkononi. Cheti cha kampuni yangu nilipokipata mara ya kwanza, nilikibeba mfukoni wiki nzima, na hata kukisoma vizuri sikuweza.

Wakili akaandika mpango upya: anayetaka kubaki na hisa zake, abaki. Tukapiga kura palepale Kakuma, chini ya hema, mama akiwa kiti cha mbele. Mwaka 2013 jaji akaidhinisha.

Siku ile ya kura, hema, viti, mbuzi wawili na safari ya wakili vilikula themanini na saba elfu na mia nne. Nilipoinuka niondoke, mama akanyoosha kiganja.

"Na chai uliyokunywa?"

"Mama, si sisi ni wenye kampuni moja?"

"Ndiyo. Kampuni ni yetu. Chai ni yangu."

Basi jumla yake, shilingi themanini na saba elfu, mia nne na ishirini.