Nilivyomfumania Mpiga Besi Wetu Segerea

Mie ni mwimbaji wa bendi ndogo ya Temeke, tunapiga nyimbo za zamani kwenye harusi za watu wikiendi. Mpiga besi wetu, Mudi, ana wiki ya tatu haji mazoezini. Mara mjomba anaumwa, mara gari la kazini limeharibika. Nikajua tu kuna bendi nyingine imemnyakua.

Jumamosi iliyopita jirani yangu akanipigia kuwa amemwona Segerea, amevaa suti, anaingia kwenye nyumba iliyofungwa turubai. Suti? Mazoezini kwetu anakujaga na kandambili. Nikachukua bodaboda.

Kweli nikamkuta. Sikuangalia nani kakaa wapi, wala sikujiuliza mbona hakuna spika hata moja. Nikasimama katikati ya watu nikamwaga yote.

"Mudi, leo ni mjomba gani anaumwa? Na nyie mnaomchukua, mjue huyu si mtu wa ahadi. Atawaambia yuko njiani, kumbe bado amelala. Sie ametuchosha."

Ndipo nikaona wazee wa kofia wamekaa upande mmoja, akina mama wa madera upande wa pili, na Mudi ameinama mpaka kidevu kimegusa tai.

Mzee mwenye nyumba akanisogezea kiti taratibu.

"Karibu ukae, mwanangu. Ndo kwanza tulikuwa tunamuuliza mshenga tabia za huyu kijana, kabla hatujampa binti yetu. Endelea."