Dizeli ya Mawese

Isakwisa alikuwa mtu wa Kyela, kwenye joto na michikichi, lakini riziki ilimpandisha milimani mpaka Mufindi. Alikuja kubeba mbao, akamwoa Severina Kalinga, wakamzaa Tumpe, akajenga kwenye kijiji cha ndani, kule unakoacha lami pale Nyololo na kushika barabara ya vumbi ya kwenda Mgololo. Alikuwa fundi wa kujifundisha mwenyewe, na mafundi wa namna hiyo nawajua: wakipatia jambo moja, hawaambiliki tena.

Jambo alilopatia yeye lilikuwa dizeli. Kila alipokwenda kwao kusalimia alirudi na madumu ya mawese. Nyuma ya nyumba aliyapasha moto kwenye pipa, akachanganya na spiriti ya kiwandani na kostiki soda, akayaacha yatulie mpaka uchafu mzito ushuke chini. Ule wa chini Severina aliufanyia sabuni. Mafuta ya juu Isakwisa aliyaosha kwa maji, akayakausha, akayamimina kwenye tangi la pikapu yake kuukuu. Gari likanguruma kama kawaida, moshi wake mwepesi, na huko nyuma likaacha harufu ya maandazi yanayokaangwa. Watoto wa kijiji wakalibatiza Maandazi, na jina likashika.

Wazee wa usharika walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana Maandazi lilikwenda Mafinga na kurudi wakati magari mengine yalikuwa yamelala kwa kukosa dizeli. Isakwisa kichwa kikavimba. Alimweleza kila mtu, mpaka mchungaji mlangoni pa kanisa, kwamba siku moja Mufindi nzima itaendesha kwa mawese.

"Baba Tumpe, lakini mafuta yako yanaganda," Severina alimwambia mwaka wa kwanza, akimwonyesha chupa ya mawese ya kupikia pale jikoni. Ilikuwa Julai, na chupa ilikuwa imekuwa ngumu kama sabuni ya mche.

"Hayo ya kupikia ni mawese. Haya yangu siyo mawese tena, ni dizeli," alijibu.

Julai hiyo ikapita, gari halikugoma. Ya pili ikapita, na ya tatu. Isakwisa akaona amemshinda mkewe kwa hoja. Kumbe hakuwa ameshinda lolote. Maandazi lililala kwenye banda la mabati lililoegemea ukuta wa jiko, upande wa tangi ukiwa umeelekea pale pale kwenye mafiga, na Severina alikuwa mwanamke asiyeacha moto wake uzimike. Kila usiku aliufukia kwa majivu, na alfajiri aliufukua kabla jogoo hajawika mara ya pili. Ule ukuta wa matofali ulikuwa haupoi mwaka mzima. Moto wa mkewe ndio uliokuwa ukiendesha lile gari, na yeye akajisifu.

Mwaka wa nne Severina akapata mimba ya pili. Ya kwanza, ya Tumpe, alijifungua kwa kupasuliwa, na nesi Veneranda wa zahanati hakutaka mchezo.

"Mama huyu asisubiri uchungu nyumbani," alimwambia Isakwisa uso kwa uso. "Kovu likiachia, hatuna dakika. Wiki mbili kabla, ahamie Mafinga, akae karibu na hospitali."

Severina alikuwa na shangazi Mafinga, na alikuwa ameshaanza kukunja khanga zake. Isakwisa akacheka.

"Nesi, gari ninalo mlangoni. Wengine ndio wakahamie."

Severina akazikunjua khanga. Isakwisa akalichukua hilo kuwa ni kukubali. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile hasira zinanipanda.

Badala ya binti kwenda, mama yake ndiye aliyekuja. Bibi Damari alifika mwanzoni mwa Julai na kikapu cha ulezi na blanketi mbili, tayari kumuuguza mwanawe. Wakampa chumba; akakikataa. Mifupa yake haikuiweza baridi ile, akaomba atandikiwe jikoni, kando ya mafiga. Akatandikiwa.

Hapo sasa ndipo lilipokuja jambo ambalo mtu mwingine asingelifikiria hata kidogo. Kwao Isakwisa ukwe si mzaha. Mwanamume hasogei ovyo mahali anapolala mama mkwe wake, sembuse kuja alfajiri kukohoa na kuwasha injini ukutani kwake. Jioni ile ile alilitoa Maandazi bandani, akaliegesha nje kabisa, kwenye uwazi ulio kando ya barabara. Bibi Damari alipouliza gari linakwenda wapi, aliambiwa tu, "Linakaa kule sasa, mama." Naye hakuuliza zaidi.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Kulipopambazuka sakitu ilikuwa imelala juu ya majani, nyeupe, na maji kwenye beseni la nje yalikuwa na ngozi ya barafu. Saa kumi na mbili Severina alishika mwimo wa mlango, akasema, "Baba Tumpe, twende." Hakuwa na haja ya kusema mara mbili. Walimwacha Tumpe kwa jirani, Bibi Damari akaingia mbele na kumlaza mwanawe mapajani. Gari lilikohoa sana, likawaka. Isakwisa akashusha pumzi.

Lilikwenda kilomita nne. Kwenye bonde lenye misonobari pande zote likaanza kukosa nguvu, likarukaruka, likazima. Aliwasha, likazima. Akafungua boneti, akafungua chujio la dizeli, akaingiza kidole. Kilitoka na kitu kizito cha manjano, kama samli iliyoganda.

Alikitazama kile kidole. Chupa ya Severina ikamjia machoni, na ule ukuta wa jiko, na mafiga, vyote kwa mpigo. Akakifuta kidole kwenye suruali.

"Nini, baba?" Bibi Damari aliuliza kutoka ndani.

"Baridi, mama. Kidogo tu."

Siku nyingine malori ya mbao yangepita matano kabla hujamaliza kuhesabu. Jumapili hayatembei. Simu pale bondeni haikushika mtandao. Mwanamume mmoja aliyekuwa akienda misa ya kwanza kwa baiskeli aligeuza kuelekea Nyololo kutafuta gari, akikanyaga kwa nguvu zake zote. Isakwisa alikusanya majani makavu ya misonobari, akawasha moto chini ya tangi, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Akalowesha koti lake kwa maji aliyochemsha kwenye kopo, akalifunga kwenye chujio. Gari likawaka! Likaenda hatua mia mbili, likazima tena.

Severina alikuwa akilia kwa kila uchungu, kisha akalia mara moja kwa sauti ambayo Isakwisa hakuwahi kuisikia. Baada ya hapo akanyamaza.

"Kuna kitu kimekatika," alisema taratibu, kama anayeeleza habari ya mtu mwingine. "Mama, miguu yangu ina baridi. Mwambie baba Tumpe awashe."

"Anawasha, mwanangu. Anawasha."

Na kweli alikuwa akiwasha, mpaka betri likachoka. Damu ilishuka kwenye kiti, ikafika chini. Severina alikata roho saa mbili na nusu, kichwa mapajani kwa mama yake, na mtoto ndani yake.

Mtu wa baiskeli alikuwa hajarudi. Jua likapanda juu ya misonobari, sakitu ikayeyuka ikawa umande wa kawaida. Saa nne watu waliotoka kanisani wakalisukuma gari, na Maandazi likawaka kwa msukumo wa kwanza, likanguruma safi bila kukohoa. Likawarudisha nyumbani wote watatu, likiacha nyuma yake ile harufu ya maandazi yanayokaangwa. Watoto barabarani, wasiojua, wakalikimbilia.

Kwenye msiba watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Isakwisa alitamani mtu amtukane, amtemee mate, lakini hakutokea. Siku ya tatu, waombolezaji walipopungua, Bibi Damari alitoka jikoni akamkuta amekaa kwenye lile banda tupu.

"Baba, nikuulize. Gari ulilitoa hapa kwa nini?"

"Heshima, mama. Ulikuwa unalala wewe hapo."

Bibi kizee aliokota kuni mbili zilizokuwa kando ya banda.

"Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Mimi ningelala popote."

Akarudi ndani. Isakwisa alimsikia akiufukua moto na kuongeza kuni, akaegemeza mgongo ukutani. Ukuta ulikuwa wa moto.