Saa Kumi na Tano, Mbele na Nyuma ya Pazia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Msimamizi wa kitengo cha viungo katika hospitali moja hapa Eldoret, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa beseni na sabuni. Akaniamuru nioshe mikono mpaka kwenye viwiko, nikate kucha, kisha nioshe tena. Nilipomaliza alinishika vidole kimoja kimoja, akavigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi sokoni.

"Hii mikono ndiyo kazi yako," akasema. "Ukiiharibu, mimi sina pahali pa kukuweka. Wa kufagia tuko nao tayari."

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Munyaka, mtoto wa wazazi waliotoka Nyandarua kuja kufungua duka. Niliajiriwa kubadilisha mashuka na kusukuma viti vya magurudumu. Kukanda nilijifunza kwa kutazama, na Msimamizi alipoona natazama sana akaanza kunifundisha. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa na vyeti vyenu mnajua majina mengi kuliko mimi, lakini jambo lenyewe halijabadilika. Unatafuta pale msuli umejikunja, unaushika bila kuushtua, kisha unaisukuma damu irudi kuelekea moyoni. Kila mara unasukuma juu, husukumi chini. Msimamizi alinirudia maneno hayo mpaka nikayaota.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa tayari mama, nilichukuliwa kutoka pale na Kocha Mkuu wa kambi moja ya wakimbiaji upande wa Moiben. Alikuwa amemleta msichana mwenye maumivu ya kano ya kisigino, ule mshipa mgumu unaoshika mguu nyuma. Akasimama mlangoni akinitazama nikifanya kazi. Wasichana wake, alisema, waliona haya kukandwa na wanaume.

"Mama Njeri, uko na bwana?" akaniuliza.

"Niko naye."

"Atakubali ukiamka saa kumi na moja asubuhi?"

"Yeye huamka saa kumi kukamua. Atafurahi kupata mwenzake."

Sikuwa nimewahi kuona miguu kama ile ya kambini. Hospitalini nilizoea miguu iliyochoka na maisha. Hawa walikimbia kilomita thelathini na tano kabla ya chai, kisha mmoja angekuja kulala juu ya meza yangu. Nikiweka mkono kwenye kigimbi chake, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti, nilisikia damu ikipita taratibu kana kwamba mwenyewe ametoka kanisani. Miaka yote niliyokaa pale sikuzoea jambo hilo. Nilikuwa nikimaliza mtu, anashuka mezani, na mimi nabaki nimesimama nikijiuliza Mungu alitumia nini kumuumba.

Sasa niwaeleze jambo ambalo watu hawalifikirii wanapowaona wakimbiaji wetu kwenye televisheni. Kabla ya mbio kuna ndege. Kigimbi ndicho pampu ya mguu. Ukitembea, kinasukuma damu juu. Ukikaa bila kujongea saa kumi na tano, kama tunavyokaa kutoka Nairobi hadi Amerika, maji ya mwili hushuka na kulala kwenye vifundo vya miguu. Kipimo chake ni kidole gumba. Unabonyeza mfupa wa mbele, juu kidogo ya kifundo, unahesabu tano, unaachilia. Kikibaki kishimo, unahesabu tena mpaka kijae. Kwa kipimo hicho ningeweza kufumba macho na kukwambia nani alikaa mbele ya lile pazia linalotenga viti vya bei ghali na nani alikaa nyuma.

Nyuma ndiko wengi wetu tulikokaa. Goti linagusa kiti cha mbele, na mwenye kiti hicho akiamua kulala, analalia chakula chako. Kichwa hakina pa kwenda. Ukilala, shingo inavunjika, na ukiamka unakuta kichwa cha mtu usiyemjua kiko begani mwako kama cha mtoto wako. Nilikuwa na sheria zangu. Soksi za kubana zivaliwe kabla ya kutoka nyumbani. Usipige mguu juu ya mguu. Kunywa maji, uache karanga za chumvi. Kila saa moja simama, tembea mpaka chooni hata kama huna haja, panda na ushuke kwa vidole vya miguu mara thelathini. Wazungu walitutazama tukiwa tumejipanga kwenye njia tukifanya hivyo, nami nikawaza, wacha watazame.

Mbele, lile daraja la biashara, nilikuwa nalipita tu. Ndege nyingi hukuingiza kupitia huko, nadhani ili ujue unachokosa. Tiketi za huko zilikuwa za washindi na za wale wanaotarajiwa kushinda.

Kati ya wote niliowakanda, niliyempenda zaidi alikuwa Zipora. Alikuwa mama wa watoto wawili kutoka Moiben, mwenye miaka thelathini na minne, na mkimya hata ungedhani amekasirika. Alikuwa na mwendo wa kushinda lakini bahati ilimkwepa. Katika mbio zake za kwanza za marathoni Amerika viza zilichelewa, tukafika asubuhi ya siku moja tu kabla ya mbio, sote tukiwa tumetoka nyuma ya pazia. Kidole changu kiliacha kishimo mguuni mwake ambacho ungeweza kuwekea punje ya hindi. Kesho yake alisimama kwenye kilomita ya thelathini, akakaa kando ya barabara.

Kocha Mkuu aliniuliza kama nilimkanda vizuri. Nikasema ndiyo. Haikuwa kweli. Siku ile vidole vyangu mwenyewe vilikuwa vimevimba kutoka kwenye ndege, pete ya ndoa imezama kwenye nyama, na sikuweza kukunja ngumi. Nilimpapasa Zipora tu kwa viganja. Niliogopa kusema, kwa sababu mkandaji asiye na mikono ataachwa nyumbani. Nilibeba aibu hiyo kimya, nikiamini hakuna aliyejua.

Mwaka uliofuata Kocha Mkuu alimwita Zipora mbele yangu.

"Zipora, hii mbio ya Amerika ndio ya mwisho. Ukiingia tatu bora, naandika jina lako kwa timu ya taifa. Usipoingia, urudi Moiben ulime mahindi na bwana yako. Sikufichi."

"Sawa, Kocha," akasema Zipora.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi kwa Meneja, aliyekuwa akitukatia tiketi. Huyu alikuwa mzungu mwembamba aliyejifunzia Kiswahili kambini, kwa hivyo alikisema kama sisi. Nilimwomba Zipora akae mbele. Alikataa. Nikarudi kesho yake, akakataa. Siku ya tatu nikalia, na sioni haya kuwaambia. Mzungu hawezi machozi ya mama mzima.

"Basi Mama, nyamaza," akasema. "Ya mbele iko moja. Yako itakuwa ya nyuma."

"Mimi hata uniweke na mizigo."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta safu ya thelathini na nane, kiti cha katikati, kati ya mwanamume mnene sana na mwanafunzi aliyelala kabla hatujapaa. Nilikuwa nimetulia moyoni. Nilijua Zipora yuko mbele amenyoosha miguu. Chakula kilipoondolewa na taa kuzimwa, nikamwona anakuja kwenye njia akiwa na soksi tu.

"Mama, kuja kidogo."

"Kuna nini? Ni mguu?"

"Kuja tu."

Nikamfuata mpaka mbele ya pazia. Huko palikuwa kimya, hata injini zilisikika kama zinanguruma katika boma la jirani. Mtu mmoja alikuwa anakunywa maji katika glasi ya kweli. Zipora akaniambia nikae kwenye kiti chake, nikakaa, nikidhani anataka nione. Akabonyeza kitufe. Kiti kikaanza kuniinua miguu na kunishusha mgongo, polepole, mpaka nikawa nimelala sawasawa kama maiti, mto chini ya kichwa, mfarishi juu yangu.

Nawaambia ukweli, nilishikwa na hofu. Mama yangu alizaa watoto wanane juu ya kitanda cha mbao chenye godoro la nyasi. Na mimi, bintiye, nilikuwa nimelala chali juu ya mawingu, napita juu ya nchi ambazo sikuzijua majina, na mgongo wangu hauumi mahali popote. Nilitaka kumwimbia Mungu lakini watu walikuwa wamelala.

"Asante, nimeona," nikasema. "Sasa nirudi."

"Hapana. Hapa ni pako. Mimi naenda huko nyuma."

"Zipora, usinichezee. Hii kiti nimekuombea mpaka nikalia."

"Najua, Mama. Lakini siwezi lala kwa kitanda na wewe umekaa wima huko kama mtu ako kwa laini ya hospitali. Kwetu hatufanyi hivyo. Mama yangu akisikia, nitamwambia nini?"

Mhudumu mkuu wa ndege alikuja kuuliza kuna shida gani. Zipora akamweleza. Yule dada akasema kama tumekubaliana yeye hana neno, mradi tuketi. Tukabishana kwa kunong'ona, na mwishowe nikakubali masaa mawili, si zaidi, halafu tubadilishane. Nikafumba macho kupumzisha kope tu.

Nilichosikia baadaye ni harufu ya kahawa na mkono begani. Ulikuwa wa yule mhudumu.

"Mama, tumebakisha lisaa limoja tutue."

Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa kumi na moja. Sijawahi kulala hivyo tangu nizaliwe, na sijawahi kuamka na moyo mzito hivyo. Nilikimbia nyuma bila viatu. Zipora alikuwa macho katika safu ya thelathini na nane, yule mwanamume mnene amemlalia begani. Nikapiga magoti kwenye njia, nikashusha soksi yake, nikabonyeza. Nikahesabu mpaka kumi na nane kabla kishimo hakijajaa. Machozi yakanitoka.

"Kwa nini hukuniamsha?"

"Nilikuja mara tatu. Ulikuwa unakoroma."

"Nimekuua, mtoto wangu. Nimekuua kabla ya mbio."

"Mama, hebu lete mikono."

Nikampa. Alivishika vidole vyangu kimoja kimoja, akavigeuza vilevile Msimamizi alivyovigeuza siku yangu ya kwanza. Alipofika kwenye pete akaizungusha. Ikazunguka bila shida.

"Ile mara ingine haikuwa inazunguka," akasema. "Ulinikanda na viganja."

Alikuwa amejua mwaka mzima, na hakumwambia Kocha wala mtu mwingine.

"Miguu yangu ikivimba, wewe utatoa hiyo maji," akaendelea. "Mikono yako ikivimba, nani ataikanda?"

Nimefanya kazi chini ya msimamizi, kocha, meneja na madaktari wa timu wawili. Wote waliniuliza hali ya miguu ya watu. Huyu peke yake ndiye aliyewahi kufikiria mikono yangu. Mpaka leo nikikumbuka nashangaa kwamba mtu aliyekuwa na mbio moja tu iliyobaki maishani aliweza kupiga hesabu hiyo, akakubali kukaa wima safari nzima.

Tulikuwa na siku mbili. Nilimlaza hotelini miguu ikiwa imeegemea ukuta, nikamkanda asubuhi, mchana na jioni, kutoka kifundo kwenda juu, kifundo kwenda juu. Vidole vyangu vilikuwa na nguvu ya msichana. Jioni ya kwanza nilihesabu tisa. Asubuhi ya mbio nilibonyeza, nikaachilia, na kishimo hakikuwepo.

Nilikwenda kusimama kwenye kilomita ya thelathini, pale alipokaa chini mwaka uliotangulia. Alikuja na wanawake wanne. Hakunitazama, na sikutaka anitazame. Nilitazama vigimbi vyake vikipita, vikavu, vimekazwa, na nikajua. Alimaliza wa pili. Kocha Mkuu alipiga simu kutoka Eldoret kabla Zipora hajafunga hata jaketi, akasema jina ameandika.

Nilistaafu mwaka jana. Kambi ilinifanyia chai, Meneja akahutubia kwa Kiswahili chake, na yule Kocha mgumu akapangusa macho akidai ni vumbi. Mkiniuliza nilijifunza nini, nitawaambia mtazame nani anasahauliwa safarini. Wenye tiketi huangalia mshindi. Lakini mshindi ana watu nyuma yake, na watu hao nao wana viungo. Mkandaji asiyelala ni sawa na kisu kisichonolewa. Mkiweza kumpigania mkimbiaji wenu kiti, pambaneni, na msione haya kusema mikono yenu imevimba.

Siku hizi vidole vyangu vimeshikwa na baridi yabisi. Msimu wa mvua siwezi kufungua hata mkebe wa majani ya chai. Zipora ameacha kukimbia, analima na kufuga ng'ombe wa maziwa. Jumapili akitoka kanisani hushuka kutoka Moiben na chupa ya mursik, yale maziwa yao ya mgando, huketi sebuleni kwangu, anavuta mikono yangu juu ya mapaja yake na kuanza kukanda. Anakanda vibaya sana. Anasukuma kuelekea kwenye kucha.

"Juu," namwambia. "Elekea moyoni."

"Nyamaza, Mama," ananijibu. "Wewe lala."

Nami hulala.