Tuta la Lengalenga

Mama yangu aliuza lengalenga, mchicha wetu, sokoni hapa Likasi tangu nilipokuwa mgongoni mwake. Mboga zake hazikuwahi kulala. Mimi, msomi wake wa udongo, ndiye niliyemharibia, tena kwa maneno manne.

Msimu wa mvua uliopita nilimwomba tuta moja nyuma ya nyumba. Nikalimwagia nitrojeni nzito, isotopu isiyo na mionzi wala sumu. Ni kama mbuzi aliyekatwa sikio: popote aendapo, mwenyewe atamjua. Nilitaka kuona vijidudu vya udongo vinaipokeaje na kuipitisha mpaka kwenye jani. Likipotea jani moja, hesabu yote imeharibika. Basi nikawapigia majirani kelele, kwa ukali wangu huuhuu: "Tuta hili, mtu asile!"

Eh, mjinga mimi! Huu ni mji wa migodi. Tumekua tukiambiwa msinywe mto huu, msilime pale, na kila mara maana yake ilikuwa sumu. Kesho yake mama alirudi kutoka sokoni na beseni limejaa, hakuna aliyenunua. Keshokutwa yake, vilevile. Nikazunguka soko zima nikieleza, nikapandwa na hasira, nikazidisha mambo. "Kama haina sumu, ulikataza ya nini?" wakaniuliza wateja.

Mama hakunigombeza. Jumapili baada ya misa aliwaita wanawake anaouza nao, akachuma tuta langu lote, akapika kwa karanga mbele yao, akasonga bukari, ugali wa kwetu. Akala yeye kwanza. Kisha akanisogezea sahani. "Kula, mutoto wangu. Baone kama haiko na sumu."

Mkono wangu ukasita. Naapa, sikuogopa kitu. Niliwaza majani yangu, kazi ya msimu mzima inayoishia tumboni. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Lakini wale wanawake hawakuwa wakitazama sahani, walikuwa wakinitazama mimi.

Nikala basi. Nikala kwa pupa, nikaomba kuongezewa, chakula kikinipalia. Mmoja wao akasimama, akakaza kitenge chake, akashukuru kwa chakula ambacho hakukigusa. Wengine wakamfuata.

Mama alikusanya sahani. "Miye nilikula," akasema taratibu, "na sikukuuliza iko na nini."

Siku hizi beseni la soko analitumia kufulia. Nguo zangu ndizo anazoanza nazo, na mimi nashindwa kumtazama.