Mzazi Ndani ya Sofa

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa alishastaafu ukunga na sare yake nyeupe siku hizi ilikuwa ya kufutia madirisha. Watoto wengi waliocheza mpira nje ya geti lake ni yeye aliyewapokea walipozaliwa. Alikuwa mtu wa kucheka na kila mtu, ila ukitaka kumwona kakunja uso, gusa sofa lake.

Lilikuwa sofa la watu watatu, la mahameli ya zambarau, alilojinunulia baada ya kustaafu, na mpaka leo lilikuwa halijavuliwa nailoni ya dukani. Wageni walielekezwa kwenye viti vya plastiki. Mwanawe, dereva wa lori, aliwahi kulikalia katoka safari, akafokewa mpaka majirani wakachungulia.

"Mama, hivi kati yangu na hili sofa, nani mwanao?"

"Wewe ulikuja bila risiti," alimjibu. "Inuka."

Basi kijana akapata mchumba, na wazazi wa binti wakasema watakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi uliofuata kufahamiana. Sista akaamua sebule ipakwe rangi. Sofa likatolewa nje hadi baraza ya nyuma, likafunikwa shuka. Kazi ya siku mbili ikala wiki kadhaa, maana fundi rangi leo yupo, kesho hapatikani hata kwa simu.

Jumamosi asubuhi, rangi imekauka, fundi na kijana wakaenda kulirudisha sofa ndani. Fundi alinyanyua upande wake kidogo tu, akautua taratibu, macho yamemtoka.

"Sista! Sofa linapumua!"

Sista alikuja mbio na tochi, akapiga magoti. Kitambaa cha chini kilikuwa kimechanika, sponji imechambuliwa na kuchanganywa na majani makavu. Katikati yake alijikunja kalunguyeye, mnyama wa miba asiyezidi ngumi mbili, akitoa pumzi za hasira: fuu, fuu, fuu.

"Jamani, sofa langu!" Sista alishika kichwa. Machozi yalimlengalenga.

"Subiri nilete koleo," fundi alisema. "Namtoa sasa hivi."

Mnyama akajigeuza. Chini ya tumbo lake vilionekana vitoto vitano, vya rangi ya waridi, vimefumba macho, miba yao laini na myeupe kama nyuzi. Vilikuwa vinanyonya.

Sista alizima tochi. Aliponyanyuka, sauti ilikuwa ile ya wodini.

"Zima hiyo redio," alimwambia mwanawe. "Na wewe fundi, hilo koleo liishie hukohuko. Ondokeni wote, mzazi anapumzika."

Akampigia bwana mifugo, ambaye alicheka kwanza, kisha akamwambia asiwahamishe, kwani mama akishtuka anaweza hata kuwaua wanawe. Wakikua wataondoka wenyewe.

"Na wakwe kesho watakalia nini?" kijana aliuliza. "Viti vya plastiki fundi kavivunja kwa kuvipanda."

"Makalio yao, kama sisi."

Baba wa binti alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa suti na maneno ya kupima. Jumapili alisimama katikati ya sebule tupu, akazungusha macho kutani. "Nyumba nzuri," alisema. "Ina... nafasi."

Kijana alitamani ardhi ipasuke. Sista akaona bora aseme ukweli, akaeleza yote, mpaka koleo. Wageni wakatazamana. Yule mzee akavua koti.

"Naweza kumwona?"

Dakika chache baadaye alikuwa amelala kifudifudi barazani, tochi ya simu mkononi.

"Baba watoto, suti!" mkewe alinong'ona.

"Suti itafuliwa. Njoo uone, wamejipanga kama vifungo vya shati!"

Mama wa binti naye akainama, akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio. Mazungumzo ya harusi yalifanyika palepale, wote wamekaa sakafuni, wakiongea kwa sauti ya chini kama wezi na kucheka mpaka mbavu kuuma.

Tangu hapo mkwe, yule mzee wa suti, alipiga simu kila siku. Wala hakuuliza harusi. "Mzazi anaendeleaje?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Sista alimpa taarifa zote: wamefumbua macho, miba imekaza, jana jioni wametoka kwa mara ya kwanza, wamemfuata mama yao bustanini kutafuta nyenje. Majirani wakawa wanakuja na viti vyao kutazama, na mtoto aliyepiga kelele alirudishwa kwao.

Kisha jioni moja familia ile ya kalunguyeye ikapita chini ya ua, haikurudi tena. Sista alishinda siku nzima akizunguka bustani, anasema anapalilia.

Mkwe alipopata habari alikuja mwenyewe. Wakakaa wawili barazani kwenye viti vya kuazima, wakitazama bustani, mpaka majani ya karibu na ua yakachakarika.

"Ni wao?" mkwe alinong'ona, akishika mkono wa kiti.

"Pengine ni panya tu."

"Ah, Sista, usiniharibie!" akasema, na wakacheka mpaka kijana akatoka jikoni kuuliza kuna nini.